Majira ya Saa za Vipimo: Tahakiki ya Istilahi

Chombo cha kurekodi vipimo hujibu maswali mawili: ni kiasi gani, na ni lini. Wanaistilahi wetu wamelishughulikia sana swali la kwanza. La pili limeachwa lijitafutie maneno yake. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza istilahi zitumikazo kueleza namna saa za vyombo vya vipimo zinavyowekwa sawa kwa kufuata wakati wa setilaiti. Madai yetu ni kwamba baadhi yake hazikidhi haja, na kwamba upungufu huo waweza kuharibu vipimo vyenyewe.

Tuchukue mfano wa kipimatetemeko. Saa iliyomo ndani yake huendeshwa na fuwele ya kwatzi. Fuwele hiyo ikikosea kwa sehemu 1 tu katika milioni, saa hupotea kwa sekunde 0.0864 kila siku, yaani karibu sekunde 2.6 kwa mwezi. Mawimbi ya kwanza ya tetemeko hupita katika gamba la dunia kwa mwendo wa kama kilomita 6 kwa sekunde. Hivyo kosa la sekunde 1 katika kituo kimoja huhesabika kama kosa la kilomita 6 za masafa. Ili kuepuka hasara hiyo, chombo hupokea mawimbi ya redio kutoka setilaiti za GPS, ambazo huzunguka kiasi cha kilomita 20,200 juu ya ardhi zikiwa na saa za atomiki. Kipokezi hutoa mpigo mmoja kila sekunde, na kwa mpigo huo saa ya kwatzi huongozwa.

Neno la kwanza tunalolitilia shaka ni *kurekebisha*. Neno hili hutumika kwa vitendo vitatu visivyofanana: kuipa saa wakati ulio sawa, kupima tofauti iliyopo kati yake na saa nyingine bila ya kuigusa, na kuubadili mwendo wake ili isiendelee kupotea. Fundi akiandika katika daftari kwamba "saa imerekebishwa", msomaji hawezi kujua ni kipi kilichofanyika, wala kama takwimu za jana zinahitaji kusahihishwa. Lakini lugha yetu haikukosa maneno. Wazee walisema *kutia saa majira*, na saa isiyoaminika waliiambia kuwa *haishiki majira*. Tena mabaharia wa pwani walilitumia neno *majira* kwa maana ya njia ya chombo baharini. Ni neno gani lingefaa zaidi kwa mitambo ambayo hutumika kuonyesha wakati na kuongoza vyombo pia? Twapendekeza: *kutia majira* kwa kitendo cha kwanza, *kulinganisha* kwa cha pili, na *kuongoza mwendo* kwa cha tatu.

Pili ni *saa yenye nidhamu*. Hii ni tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kiingereza. Mswahili akiisikia atadhani saa hiyo ina tabia njema, ilhali kinachokusudiwa ni saa inayomfuata kiongozi. *Saa fuasi* yatosha, na mwenzake atakuwa *saa kiongozi*.

Tatu, *usahihi* na *uthabiti* hubadilishana nafasi kana kwamba ni neno moja. Sivyo. Saa iliyo mbele kwa dakika 10 leo, kesho na mwezi ujao si sahihi, lakini ni thabiti; kosa lake laweza kutolewa kwa hesabu. Tofauti hii ndiyo msingi wa saa fuasi: kwatzi iliyo bora huwa thabiti katika muda mfupi, lakini hukengeuka siku zikipita, mpigo wa setilaiti huyumba kidogo kutoka sekunde hadi sekunde, lakini haukengeuki katika muda mrefu. Kila kimoja humkamilisha mwenziwe. Fundi aliyefunzwa neno moja kwa dhana hizi mbili hataelewa kwa nini chombo kinahitaji zote mbili.

Nne ni *sekunde ruka*. Kati ya mwaka 1972 na mwisho wa mwaka 2016 sekunde 27 ziliingizwa katika wakati wa kimataifa, UTC, ili usiachane na mzunguko wa dunia. Hakuna iliyorukwa, zote ziliongezwa. Kanuni inaruhusu pia kupunguza, ingawa jambo hilo halijatokea. Kwa hiyo hata *sekunde nyongeza* haitoshi. Twapendekeza *sekunde sawazishi*. Wakati wa GPS, ulioanza kuhesabiwa tarehe 6 Januari 1980, haupokei sekunde hizi, na tangu mwaka 2017 umekuwa mbele ya UTC kwa sekunde 18. Kipokezi hupata tofauti hiyo katika ujumbe wa setilaiti ambao hukamilika kwa dakika 12.5. Kipokezi kilichowashwa sasa hivi kwaweza kutoa mpigo ulio sawa pamoja na hesabu ya sekunde isiyo sawa. Sekunde 18 ni zaidi ya kilomita 100 za mawimbi ya tetemeko.

Mwisho ni *saa* yenyewe. "Saa 3" katika daftari la kituo yaweza kuwa 03:00 au 09:00, na wakati wa Afrika Mashariki uko mbele ya UTC kwa saa 3. Tena "usiku wa Jumatatu" kwa hesabu ya Kiswahili huanza Jumapili jua lituapo. Hatusemi kwamba hesabu yetu iachwe. Ina mantiki yake, nayo inafuata jua. Tunasema kwamba katika rekodi za vipimo iandikwe tarakimu nne, tarehe kamili, na jina la wakati uliotumika.

Yako maoni kwamba fundi hujifunza kwa mikono, na kwamba maneno yatafuata. Hatukubaliani nayo. Kosa la mkono huonekana siku hiyo hiyo. Kosa la neno hunakiliwa daftari hadi daftari. Tunawaomba wasomaji, hasa wale walio kazini na vyombo hivi, watuletee maneno wanayoyatumia ili mapendekezo haya yapimwe kabla ya kusanifishwa.