Fanani wa Bandani na Hofu ya Sinema ya Kisasa: Uhakiki wa Filamu ya Supa Modo

Utangulizi

Hadhi ya sinema miongoni mwa sanaa nyingine imezua mjadala mkali katika miaka ya karibuni. Mnamo Oktoba 2019, mwelekezi wa Kimarekani Martin Scorsese aliliambia jarida la Empire la Uingereza kwamba filamu za Marvel, zinazosimulia mashujaa wenye nguvu zisizo za kawaida, hazistahili kuitwa sinema. Alizilinganisha na viwanja vya bembea. Mwezi uliofuata aliifafanua hoja hiyo katika gazeti la The New York Times, akilalamika kwamba filamu za aina hiyo hazina la kuhatarisha. Mwaka 2021, katika jarida la Harper's, alielekeza lawama zake kwa mitandao inayomchagulia mtazamaji filamu kwa hesabu za kompyuta. Kwake yeye, kumchagulia mwenzio kazi ya sanaa ni tendo la ukarimu.

Aghalabu malalamiko haya huchukuliwa kuwa ni lalamiko moja. Makala haya yanashikilia kwamba ni mawili, na kwamba la pili ndilo zito. Lalamiko la kwanza linahusu kinachotazamwa. La pili linahusu anayependekeza kitazamwe, na uhusiano wake na anayetazama. Kazi itakayotumiwa kuupima msimamo huu ni Supa Modo (2018), filamu ya mwelekezi wa Kenya Likarion Wainaina. Filamu hii ilionyeshwa katika tamasha la Berlin mwaka huo, na baadaye ikateuliwa kuiwakilisha Kenya katika kuwania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Uteuzi wa kazi hii una sababu: ni filamu inayohusu mapenzi ya mtoto kwa mashujaa wale wale anaowashuku Scorsese.

Fanani katika banda la video

Wanafunzi wa fasihi simulizi wanafahamu kwamba hadithi haikamiliki pasi na fanani na hadhira yake. Ngano ile ile hubadilika kwa kadiri ya anayeitamba, mahali inapotambiwa na wanaoipokea. Ukweli huu uliingia katika sinema ya Afrika Mashariki kupitia mlango wa nyuma. Katika mabanda ya video ya Tanzania, Kenya na Uganda kulizuka wasimulizi waliozifasiri filamu za Hong Kong, India na Marekani kwa lugha za watazamaji wao. Lufufu alivuma nchini Tanzania, naye DJ Afro akavuma nchini Kenya.

Ni kosa kuiita kazi yao tafsiri tupu. Msimulizi wa bandani hufasiri, lakini pia hudokeza yajayo, humkejeli mhalifu, humpa shujaa jina la mtaani na kuyafananisha mambo ya ugenini na ya nyumbani. Kwa maneno mengine, yeye ni fanani na mhakiki kwa wakati mmoja. Zaidi ya hayo, yeye ni mpendekezaji, kwani mtazamaji humfuata msimulizi kabla ya kuifuata filamu. Jina lake juu ya kanda lilikuwa dhamana, na mpendekezaji aliyewachosha watu wake alijua kwamba siku ya pili banda lingekuwa tupu.

Haifai kuusifu utaratibu huu kupita kiasi. Sehemu kubwa ya kanda hizo ilinakiliwa bila idhini ya wenye filamu, na usimulizi wenyewe mara nyingine uliyafunika mazungumzo na muziki ambao mwelekezi aliutunga kwa makini. Hata hivyo, jambo moja halikanushiki: filamu ya ngumi iliyotengenezwa maelfu ya maili mbali iligeuka kuwa tukio la kijamii kwa sababu kulikuwa na mtu kati yake na watazamaji.

Mapendekezo mawili katika Supa Modo

Jo, mhusika mkuu wa Supa Modo, ni msichana wa miaka tisa anayeugua ugonjwa usio na tiba. Mama yake, Kathryn, anamwondoa hospitalini na kumrudisha kijijini Maweni amalizie siku zake. Dada yake, Mwix, anaona kwamba kumfungia mtoto nyumbani kwa jina la kumhifadhi ni kumzika kabla ya wakati. Burudani ya Jo ni filamu za mapigano, na ndoto yake ni kuwa shujaa. Kijiji nacho kina Mike, mwonyeshaji na msimulizi wa filamu, ambaye mtazamaji yeyote wa Kenya atamtambua mara moja kuwa ni wa ukoo wa akina DJ Afro.

Msuko wa filamu hii una hatua mbili zinazopaswa kutofautishwa. Katika hatua ya kwanza, Mwix anamshawishi Jo kwamba ana nguvu za ajabu, na wanakijiji wanakula njama ya kuigiza mbele yake ili aamini. Ulimwengu mzima unapangwa upya uwe kama anavyopenda mtu mmoja. Nia ni njema, na watazamaji wanacheka. Lakini tendo lenyewe linafanana mno na lile linalofanywa na mitandao ya filamu. Mtandao humchunguza mtazamaji, hujua alichokipenda jana, kisha humletea leo mfano wake. Kila anapogeuka anakutana na sura yake mwenyewe. Jo wa hatua hii ni mtazamaji anayebembelezwa, na mchezo huo hauwezi kudumu kwa kuwa nguvu hizo za kuazima haziugusi ugonjwa wake.

Katika hatua ya pili, kijiji kinaamua kutengeneza filamu ambamo Jo ndiye shujaa. Hapa uhusiano unabadilika kabisa. Jo hadanganywi tena, anashiriki. Wanakijiji nao hawamwigizii, bali wanaigiza pamoja naye. Shujaa ni yule yule wa viwanja vya bembea, na joho lake ni la kushonwa kwa vitambaa vilivyopatikana. Hata hivyo, sanaa inayozaliwa ina jambo la kuhatarisha, maana kila aliyeshika kamera au kuvaa vazi anajua kwamba mtoto huyu atakufa. Kile ambacho Scorsese anakikosa katika filamu za mashujaa kinapatikana humu pasi na kubadilisha aina ya filamu. Kilichobadilika ni anayempa nani hadithi, na kwa sababu gani.

Jambo hili linadhihirisha pia dhima ya Mike. Yeye ndiye kiungo kati ya hatua hizo mbili. Mtu aliyezoea kuzisimulia filamu za wengine mbele ya majirani zake ndiye anayeweza kuwaongoza majirani hao kutengeneza ya kwao. Usimulizi wa bandani, ambao wengi waliudharau kuwa ni kelele juu ya filamu, unakuwa chuo cha sanaa.

Kasoro

Supa Modo haikosi dosari. Maweni ni kijiji chenye umoja kupita kiasi: hakuna anayelalamikia gharama wala muda, na umaskini unaonekana zaidi kama mandhari kuliko kama nguvu inayoyaelekeza maisha. Mike mwenyewe amechorwa kwa ucheshi unaoelekea kumfanya kibonzo, ilhali uzito wa hoja ya filamu uko mabegani mwake. Aidha, kuna kejeli katika historia ya utengenezaji wake. Filamu hii inayosifu kijiji kinachojitungia hadithi ilitokana na ushirikiano na One Fine Day Films, kampuni iliyoasisiwa na mwelekezi wa Kijerumani Tom Tykwer na mwenzake Marie Steinmann. Ushirikiano huo si aibu, lakini unazua swali ambalo filamu hailigusi: Mike wa kweli angepata wapi kamera?

Hitimisho

Hofu kuhusu sinema ya kisasa ni halali, ila imeelekezwa pasipo pake. Shujaa arukaye angani si adui wa sanaa. Ngano za Kiafrika zimejaa viumbe wa namna hiyo. Kinachotisha ni kuondoka kwa mtu aliyesimama kati ya hadithi na hadhira, akawajibika kwa pande zote mbili. Mnamo Septemba 2021 Netflix ilifungua nchini Kenya mpango wa kutazama bure kwa simu za Android. Mwaka 2023 ikaufunga. Mpendekezaji wa aina hii huingia na kutoka kwa hesabu zake. Msimulizi wa bandani, pamoja na makosa yake yote, alikutana na watazamaji wake njiani kesho yake na kuulizwa kwa nini aliisifu filamu mbovu. Mhakiki wa chuoni anayeidhani kazi yake kuwa tofauti na hiyo hana budi kujiuliza ni nani anayemsubiri njiani.