Injini Iliyolazwa Ubavu

Ukifungua boneti ya Peugeot 404 unashtuka kidogo: injini haikusimama wima. Imelazwa ubavu, nyuzi 45. Mzee mmoja wa kijiji cha Sigino, aliyeyafanyia ufundi magari haya tangu ujana wake, aliitikia shikamoo yangu akanisogeza karibu. "Marahaba, mwanangu. Hapo ndipo akili ya waliolitengeneza ilipo." Injini ikilala, boneti inashuka, dereva anaiona barabara vizuri, na uzito unakaa chini, gari lisiyumbe konani.

Umbo lake lilichorwa Italia kwa Pininfarina, na gari likaanza kuuzwa 1960. Mbio za magari za Safari, zilizokuja kulijaribu, zilikuwa zimeanza 1953, zikikata Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye zikawa za wakati wa Pasaka, masika yakiwa yamepamba moto. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. La kwanza lilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1966 na 1967 akashinda Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, pamoja na Chris Rothwell, kwa 404 pia. Mwaka 1968 yalimaliza magari 7 tena, na Nowicki akawa mbele tena.

Siri ya ushindi haikuwa nguvu. Injini ni ya sentimita za ujazo 1,618 tu, ingawa gari la Shankland lilikuwa na pampu ya kupulizia petroli badala ya kabureta. Siri iko uvunguni, na mzee alinilaza pale chini kwenye gunia nijionee. Propela haionekani. Imefungiwa ndani ya bomba nene la chuma linalotoka kwenye gia hadi kwenye difu, kwa hiyo tope na mawe haviigusi. Ndani ya difu kuna skrubu ya chuma inayozungusha gurudumu la shaba nyeusi, kwa ukimya wa ajabu. Springi ni za kuzunguka, laini, zenye mwendo mrefu: tairi linazama shimoni, bodi inabaki imetulia. Wengine walijenga magari ya kupambana na barabara. Hili lilijengwa kuipokea barabara jinsi ilivyo, na kwa njia zetu kabla ya lami, sijui ubunifu mkubwa kuliko huo.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba mwenye teksi na mnunuzi wa mbaazi waliendesha gari lenye uvungu uleule wa bingwa.

Betri ya gari lile ilikuwa imekufa. Mzee akachukua hendeli, akaipenyeza kwenye tundu lake pale mbele chini ya bampa, akayatafuta meno yake taratibu mpaka ikashika. Dole gumba alilikunja upande mmoja na vidole vingine, hendeli isije ikamrudi ikamvunja. Akavuta juu mara moja. Kimya. Akavuta tena. Mara ya tatu injini ikanguruma, kikombe cha chai kilichowekwa juu ya madigadi kikitetemeka kidogo tu.