Hongereni, Mafundi Simu wa Aggrey

Ukipeleka simu ya zamani Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, hakuna anayekucheka. Chukua Samsung Galaxy S5, iliyotoka mwaka 2014. Fundi anabandua mfuniko wa nyuma kwa ukucha, anatoa betri iliyovimba, anaweka nyingine, anapachika memori kadi. Hakuna gundi wala hita. Akirudisha mfuniko anapitisha kidole gumba ukingo mzima, ule mpira wa kuzuia maji ubane sawasawa. Hizi za leo zilizozibwa kila upande, kubadili betri tu ni upasuaji!

Kazi ya protekta ndiyo inayonikosha zaidi. Anafuta kioo kwa spiriti, anadonoa vumbi kwa kipande cha selotepu, halafu anaiachia protekta ijishike yenyewe taratibu. Kiputo kikibaki, anakisukuma pembeni kwa kadi kuukuu. Kava anachambua kwenye rundo mpaka apate lile ambalo tundu lake la kamera halikosei. Bei mtaelewana, ila usionyeshe haraka.

Hongereni, wakuu. Simu zenu hizo bado zinapokea miamala ya wauza mboga na mafundi cherehani mji mzima.