Vito vya Margarete

Msomaji wa vitabu vya picha vya Tintin hawezi kumsahau Bianca Castafiore, yule bibi mwenye sauti kubwa aliyeingia katika hadithi hizo mwaka 1939. Wimbo wake ni ule ule siku zote: binti amevaa vito, anajitazama katika kioo, anafurahi. Nasi twacheka. Lakini je, vito hivyo vimetoka wapi?

Wimbo huo umetoka katika mchezo wa kuimba wa Charles Gounod, ulioonyeshwa Paris mwaka 1859. Naye Gounod aliutoa mchezo wake katika Faust, shairi la kuigiza la Mjerumani Goethe, ambalo sehemu yake ya kwanza ilichapwa mwaka 1808. Mwalimu Faust anapatana na shetani, anatia sahihi kwa damu. Kisha anamtamani binti maskini, Margarete. Shetani analeta kisanduku cha vito. Ni chambo! Mwishoni mama wa binti amekufa, kaka yake ameuawa, mtoto wake mchanga amezamishwa majini, na mwenyewe yumo gerezani akingoja kufa. Faust anakwenda zake.

Basi, wimbo ulipotengwa na mchezo wake, ulibaki na vito, ukamwacha Margarete.

Wachoraji wetu wa Kolwezi na Lubumbashi hawakumhitaji Goethe. Katika miaka ya 1970 picha za Mamba Muntu zilitundikwa katika nyumba nyingi: mwanamke nusu samaki, mwenye nywele ndefu. Husimuliwa kwamba humpa mtu utajiri, lakini hudai siri, tena mara nyingine uhai wa ndugu. Picha hiyo ina hatari yake, maana wengine huitumia kumsingizia jirani tajiri uchawi. Lakini imeshika neno ambalo wimbo wa Castafiore umelipoteza: deni la mwenye tamaa hulipwa na jamaa zake.

Neno hilo latuhusu. Katika mtaa wa Kasulo watu wamechimba kobalti hata chini ya nyumba zao. Kuchimba si dhambi; baba hutafuta chakula cha watoto. Lakini wazee walisema, tamaa mbele, mauti nyuma. Ukiona vito vinang'aa, ndugu msomaji, usiulize tu nani amevivaa. Uliza pia nani amevilipia.