Kiasi, Dalili na Kipimo: Elizabeth David Alivyoandika Mapishi

Mwaka 1950 Waingereza walikuwa bado wanakula kwa mgawo. Siagi, nyama na sukari vilinunuliwa kwa kuponi, na mafuta ya zeituni ulikwenda kuyatafuta kwa mfamasia, kichupa kidogo cha kutibu masikio. Mwaka huohuo mchapishaji wa London, John Lehmann, akatoa kitabu kiitwacho A Book of Mediterranean Food, kilichojaa bilingani, zeituni na vitunguu saumu. Baadhi ya mahitaji yaliyotajwa humo hayakuwepo madukani. Hata hivyo kitabu kilipendwa, na mwandishi wake, Elizabeth David, akawa mwandishi wa kujitegemea aliyesomwa kuliko wengi wa fani yake nchini humo.

Swali langu ni la kiufundi: mtu anauzaje pishi ambalo mnunuzi hawezi kulipika? Jibu la haraka ni kwamba aliuza ndoto. Lakini kuna waandishi wengi waliouza ndoto na hawakumbukwi. Ukizifungua kazi zake moja moja unakuta maamuzi ya kikazi yanayoweza kutajwa na kuigwa.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa mkataba. Elizabeth alizaliwa Sussex mwaka 1913 katika familia yenye uwezo, akasoma Paris akiwa kijana, kisha mwaka 1939 akaondoka Uingereza kwa mashua akiwa na mpenzi wake. Italia ilipoingia vitani mwaka 1940 mashua ikakamatwa, wakaishia Ugiriki. Wajerumani walipofika Ugiriki akakimbilia Misri, akafanya kazi Alexandria na Cairo. Aliporudi nyumbani mwaka 1946 alikuta chakula kilichomkatisha tamaa, na katika majira ya baridi kali yaliyofuata, akiwa hotelini Ross-on-Wye, akaanza kuandika juu ya vyakula alivyoviacha kusini. Machi 1949 jarida la Harper's Bazaar likachapa makala yake ya kwanza, iliyohusu wali. Alihakikisha hakimiliki ya makala zake inabaki mikononi mwake. Kwa hiyo kazi moja ilimlipa mara mbili: mara ya kwanza kama makala, mara ya pili kama kitabu.

Uamuzi wa pili ulitokana na kukataliwa. Wachapishaji kadhaa waliukataa mswada wake, na mmoja akamweleza kwamba rundo la mapishi yasiyohusiana linahitaji maneno ya kuyaunganisha. Ushauri huo aliufuata kwa njia yake. Kwa kuwa hakujiamini bado kama mwandishi, maneno yake mwenyewe aliyafanya machache, akaingiza vipande vya waandishi waliozijua nchi za Mediterania, kama D. H. Lawrence, Henry James na Lawrence Durrell. Matokeo yake pishi halikusimama peke yake kwenye ukurasa. Kabla ya kuambiwa ukate bilingani, ulikwisha kupitishwa sokoni, ukajua nani hula chakula hicho na saa ngapi. Kitabu kikasomeka hata na asiye na bilingani. Lehmann alimlipa pauni 100 za awali, akapendekeza kitabu kipewe jina la treni ya kifahari iliyokuwa ikiwapeleka matajiri kusini mwa Ufaransa. Elizabeth alikataa. Kwake, mvuto wa Mediterania ulikuwa katika nchi zenyewe, si katika behewa la kwenda huko. Hapo tayari unamwona mwandishi anayejua bidhaa yake ni ipi.

Uamuzi wa tatu uko ndani ya pishi lenyewe. Mapishi ya vitabu vyake vya mwanzo ni mafupi, na mara nyingi humwelekeza mpishi kwa dalili badala ya kipimo: rangi ya kitunguu, uzito wa mchuzi kwenye kijiko, harufu. Msomaji wa pwani yetu hatashangaa. Mapishi yetu ya kuchapwa huandika "chumvi kiasi" bila aibu, na mama anayemfundisha binti yake wali wa nazi hamtajii dakika. Humwambia akoroge tui lisikatike, asubiri maji yakauke, ndipo apalie makaa. Dalili ina faida moja ambayo dakika haina: haitegemei jiko la mtu. Moto wa kuni na moto wa gesi haifanani, lakini kitunguu kilichoiva kinajulikana kwenye yote miwili. Kasoro yake ni kwamba inadai msomaji aliyewahi kuiona dalili hiyo kwa macho. Asiyewahi kupika kabisa angeweza kupotea katika kurasa hizo, na sidhani kama Elizabeth alimfikiria sana mtu huyo.

Mfano mzuri zaidi wa ufundi huu ni makala yake ya mwaka 1959 kuhusu kimanda. Anaanza na Annette Poulard, mwenye hoteli huko Mont-Saint-Michel, Ufaransa, ambaye vimanda vyake vilivuta wasafiri kutoka mbali. Watu walibuni kila sababu ya utamu ule: wapo waliosema anachanganya maji kwenye mayai, wapo waliosema malai, wapo waliosema ana kikaango cha pekee au kuku wa mbegu isiyopatikana kwingine. Mwandishi anaziacha tetesi hizo zijazane, kisha anatoa barua ambayo bibi huyo alimwandikia mtu aliyemuuliza siri yake. Barua ni mistari michache tu: anavunja mayai mazuri bakulini, anayapiga vizuri, anatia kipande kizuri cha siagi kikaangoni, anamimina mayai na kutikisa bila kuacha.

Angalia kilichofanyika hapo. Pishi zima limetolewa, lakini limekuja kama jibu la fumbo, na jibu lenyewe ni kwamba siri haipo. Baada ya hapo mwandishi hana haja ya kuhubiri kwamba kimanda kinataka mayai mazuri, siagi ya kutosha na mkono usiotulia. Barua imekwisha kusema. Baadaye makala inafika kwenye mlo wa kawaida tu, kimanda na bilauri ya mvinyo, na maneno hayo ndiyo yaliyokuja kuwa jina la mkusanyiko wa makala zake wa mwaka 1984. Mvinyo haukuelezwa kwa msamiati wa wataalamu wa kuonja. Umewekwa mezani kama sehemu ya chakula, basi.

Mwaka 1961 alianza kuliandikia jarida la Spectator, na hapo akapata kitu ambacho majarida ya akina mama hayakumpa: ruhusa ya kuandika juu ya chakula bila kulazimika kutoa pishi. Muundo wa kawaida wa wakati ule ulikuwa utangulizi mfupi, kisha mapishi. Sasa aliweza kutumia nafasi yote kuikosoa hoteli inayojisifu bure au kumchambua mwandishi wa zamani. Ukali wake ulikua, lakini haukuwa wa mdomo mtupu, kwa sababu nyuma yake palikuwa na kazi ya mguu. Kwa ajili ya Italian Food, kilichotoka 1954, alitumia sehemu kubwa ya mwaka 1952 akizunguka Italia jiko kwa jiko. French Provincial Cooking cha 1960 nacho kilijengwa kwa sehemu kubwa kutokana na makala zilizokwisha kuchapwa magazetini. Kule kubaki na hakimiliki ya makala tangu siku za Harper's Bazaar hakukuwa bahati tu.

Mwaka 1963 alipata ugonjwa wa kuvuja damu kwenye ubongo, na ulimi wake ukapoteza uwezo wa kuihisi chumvi ipasavyo. Kwa mtu anayefanya kazi kwa kuonja, hilo si jambo dogo. Miaka miwili baadaye alifungua duka la vyombo vya jikoni London, na vitabu vyake vilivyofuata vikaegemea zaidi historia ya upishi wa Uingereza yenyewe.

Kilele cha kipindi hicho ni English Bread and Yeast Cookery cha mwaka 1977, chenye zaidi ya kurasa 500. Ni hapa mtu wa "kiasi" anapogeuka kuwa mtu wa mizani. Sehemu ya kwanza nzima ni habari za mawe ya kusagia, aina za unga, chumvi, hamira na matanuri, na mapishi yanasubiri zamu yao. Vipimo vimeandikwa kwa uangalifu. Sababu iko wazi: mchuzi ukizidi maji unaweza kuuacha upungue, lakini mkate ukishaingia kwenye tanuri hauonjwi wala haurekebishwi. Kosa la hamira huonekana wakati hakuna la kufanya. Na ushauri wake mkuu ulikwenda kinyume na viwanda, ambavyo tangu 1961 vilikuwa na mbinu ya Chorleywood ya kukanda kwa mashine za kasi ili mkate utoke haraka: punguza hamira, uupe unga muda mrefu wa kuumuka.

Kwa hiyo hakubadili msimamo. Alichagua chombo kwa kadiri ya chakula: dalili pale ambapo mpishi anaweza kusahihisha njiani, kipimo pale ambapo hawezi. Anayeandika mapishi kwa Kiswahili leo anaweza kuanzia hapo. Mapishi mengi tunayosoma yanafanya kinyume, yanampa mtu gramu za kitunguu cha pilau na kumwachia "hamira kiasi" kwenye maandazi. Pilau ingesamehe, ila maandazi hayasamehe. Na kabla ya "Mahitaji", kabla hata ya kuwasha jiko, mwandishi amweleze msomaji chakula hicho ni cha nani na kwa nini kinastahili jioni yake.