Hatamu Isiyo na Lijamu: Mahali pa Kukaza na Wakati wa Kulegeza

Katika ukanda wa Mkange, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Saadani, farasi ni mnyama adimu, kwa kuwa mbung'o waenezao nagana na visubi waenezao ugonjwa wa farasi wa Afrika humdhuru upesi. Hata farasi wawili ambao Henry Morton Stanley aliondoka nao Bagamoyo mwaka 1871 walifia Kingaru, mwanzoni mwa safari. Mnyama wa kazi aliyedumu ni punda, ambaye wafugaji wa Kiparakuyo humtwisha mizigo na kumswaga kwa fimbo, kinywa chake kikiwa huru. Anayetaka kumzoesha punda huyo kupandwa au kuvuta mkokoteni hana haja ya kuanza na lijamu, yaani chuma kinacholala juu ya ulimi, katika pengo lililopo kati ya meno ya mbele na magego; hatamu inayomwongoza kwa pua inatosha.

Hatamu hizo, kwa farasi na kwa punda, zinatofautiana sana. Iliyo rahisi ina vigwe, yaani kamba za kuongozea, vilivyofungwa pande mbili za ukanda wa pua, hivyo mnyama huvutwa moja kwa moja kuelekea anakotakiwa kugeukia. Nyingine hupitisha mikanda chini ya taya kwa kupishana, ili kigwe cha kulia kisukume shavu la kushoto, ingawa mikanda hiyo hukawia kulegea. Ya tatu ina mikono ya chuma inayofanya kazi kama wenzo na kuzidisha nguvu ya mpandaji, kwa hiyo haifai kabisa kwa mwanafunzi: kutokuwapo kwa chuma kinywani hakumwondolei mnyama maumivu.

Jambo zito zaidi ni mahali ukanda unapokaa. Mfupa wa pua huwa mwembamba kadiri unavyoshuka, kisha huishia kwenye gegedu, na kwa kuwa farasi na punda hupumua kwa pua pekee, ukanda ulioshuka mno huziba pumzi na waweza kuuvunja mfupa. Ukae takriban vidole viwili chini ya ncha ya mfupa wa shavu, na vidole viwili vipite kati yake na pua. Kamba tupu ya katani, ambayo nyuzi zake huchoma na hukakamaa kwa jasho, izungushiwe kitambaa cha pamba.

Mafunzo yaanzie ndani ya boma: kigwe kivutwe kidogo, na mnyama anapoinamisha shingo tu, kilegezwe papo hapo, kwa maana kulegeza ndiko kunakomfundisha kwamba ameitikia sawasawa, ilhali mvuto usiokoma humfanya akaze shingo na kuegemea kamba. Baada ya kazi, kitambaa kifuliwe chumvi ya jasho, na pua ipapaswe. Uvimbe, joto au nywele zilizokatika humaanisha kwamba ukanda urekebishwe kabla ya kuvalishwa tena, na nywele nyeupe zikiota hapo, ngozi imekwisha kuumia kwa muda mrefu.