Hewa katika Ukuta wa Ilungu

Ilungu, tanuru refu la udongo ambamo Wafipa waliyeyusha mtapo wa chuma, limesifiwa sana kwa kimo chake cha mita tatu hivi. Uzuri wake mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, umo katika unene wa ukuta.

Chukua pande lililomeguka karibu na matundu ya chini, ulitazame ubavuni. Mkanda wa nje ni mwekundu, kwa kuwa oksijeni iliufikia udongo ungali moto, na chuma kilichomo kikawa oksidi. Unaofuata ni wa kijivu unaokolea hadi weusi: huko makaa yalikwisha kuila oksijeni, ikabaki kaboni monoksaidi, gesi ile ile iliyoupokonya mtapo oksijeni yake. Wa ndani kabisa umeng'aa kama kioo, udongo ulioyeyuka pamoja na majivu. Palipo na tundu, wekundu hupenya kwa ndani na mpaka wa rangi hupinda. Jicho la mhakiki litulie kwenye mpindo huo, maana ndiko hewa ilikoingilia.

Ilungu halikuvukutwa. Gesi moto, kwa wepesi wake, ilipanda mnarani na kuivuta hewa baridi kupitia matundu, hivyo kimo chenyewe ndicho kilichopanga rangi za ukuta. Kintengwe, tanuru dogo la kusafishia chuma kilichotoka ilunguni, lilitegemea mivukuto, na pumzi yake ilifuata mkono wa mtu.

Usomaji huu unazifaa pia kabidi za matabaka za maabara. Titani silikoni kabidi, iliyoelezwa mwaka 1967 na kupata umaarufu baada ya kazi ya Michel Barsoum na Tamer El-Raghy ya mwaka 1996, ikikaa katika hewa ya nyuzi elfu moja za Selsiasi na zaidi huota gamba la sehemu mbili: nje oksidi ya titani, ndani oksidi hiyo ikichangamana na silika. Titani husafiri kwenda nje, oksijeni huingia ndani, kaboni hutoroka ikiwa gesi. Kadiri gamba linavyonenepa ndivyo safari inavyorefuka. Kwa kawaida, unene ukiongezeka maradufu, muda huwa umeongezeka mara nne. Gamba hilo hujicheleweshea ukuaji wake lenyewe. Katika ukuta wa Ufipa, makaa ndiyo yaliyoizuia oksijeni, na yalipokwisha, hewa ilipata nafasi ya kuupaka wekundu hata udongo uliokuwa mweusi.